Nahodha Aliyekaa Nje ya Mlango

Padri wetu, wazee wa Humatak, jirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, kwa niaba ya familia nawasalimu na kuwashukuru. Naitwa Gregorio Aguon, wengi mnaniita Goro, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mjane, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu kaka zake marehemu wamesema wao watalia, mimi nikasema sitalia, tutaona.

Historia kama hii husomwa kanisani, padri alikuwa tayari, lakini dada yangu Engracia ameomba isomwe hapa ufukweni, mbele ya kibanda cha makuti ambacho kila mwezi wa Machi tunakijenga ili kichomwe katika igizo letu, na mnaona wenyewe kwamba mwaka huu hakijachomwa. Mnaona pia kwamba jeneza liko hapa nje, juu ya mabenchi, karibu kabisa na mlango, lakini halijaingia, na kama litaingia au litapita moja kwa moja kwenda makaburini hilo si langu kusema, wala si la mjane, ni la dada yetu mkubwa, Dada Mena, aliyeketi hapo mbele na kitu alichokifunga kwenye shuka chini ya kiti chake, nimemuuliza ni nini akaniambia nishughulike na karatasi yangu. Basi nishughulike na karatasi yangu.

Marehemu Dionisio Topasna Quidachay, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mwajiri na daktari, maana sisi wengine tulimwita Nisio na baadaye Nahodha, alizaliwa hapa hapa Humatak, kusini mwa kisiwa chetu cha Guam, tarehe 9 Oktoba 1948, siku ya sikukuu ya msimamizi wa parokia yetu, Mtakatifu Dionisio, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba yake, Tun Mariano, na mama yake, Tan Soledad, wote wawili wameshatangulia mbele za haki. Inasemekana mama yake alishikwa na uchungu akiwa jikoni anageuza mikate ya mahindi ya wageni wa sikukuu, mkunga akaja mbio, yeye akamwambia, "Subiri niigeuze hii, itaungua," akaigeuza, ikaiva, ndipo akaenda kujifungua, na marehemu alipenda sana kusimulia habari hiyo, akisema ndiyo sababu yeye hakuwahi kuwa na haraka maishani.

Ukoo wao, kama mjuavyo, ni ukoo wa Mandevu, kwa kuwa wanaume wake huota ndevu nyingi, jambo adimu kisiwani kwetu, na wazee walikuwa wakisema ni damu ya askari mmoja wa Kihispania aliyeshuka kutoka merikebuni zama hizo za merikebu za Akapulko, kule Meksiko, akaonja chakula chetu, akasahau kupanda tena. Marehemu alianza kuota ndevu akiwa na umri wa miaka kumi na minne, na hizo ndevu, ndugu zangu, ndizo zilizomwingiza katika mambo yote nitakayowasomea.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1954, nyakati zile ambapo mtoto aking'amuliwa anazungumza Kichamoro, lugha yetu, shuleni alipewa adhabu ya kung'oa majani, na uwanja wa shule ulikuwa safi sana kwa sababu ya Nisio. Siku moja mwalimu aliuliza darasani ni nani aliyekuwa mtu wa kwanza kuona merikebu za Wazungu zikija hapa mwaka 1521, akitaka kutajiwa jina la baharia fulani aliyekuwa juu ya mlingoti akaiona nchi, Nisio akanyoosha mkono akasema, "Bibi yake bibi yangu, mwalimu, maana ndiye aliyekuwa ufukweni anazitazama," na kwa jibu hilo aling'oa majani wiki nzima, lakini hadi leo hakuna aliyeweza kuniambia lilikuwa na kosa gani. Alimaliza sekondari mwezi wa Juni mwaka 1967, akiwa wa katikati kwa masomo na wa kwanza kwa ndevu.

Mwaka huo huo wa 1967, tarehe 4 Septemba, aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza meli huko bandarini Apra, akajifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi, akawa msimamizi wa mafundi, akafanya kazi hiyo kwa miaka thelathini hadi alipostaafu mwaka 1997, na wenzake walioko hapa leo wamenisisitizia niseme kwamba kwa muda wote huo, akishika moto mkononi kila siku ya Mungu, hakuwahi kuunguza kitu ambacho hakikupaswa kuungua. Nimesema. Lakini hilo ni la kazini, la hapa kijijini ni jingine, na ndilo tunalolifikia sasa.

Mnalijua igizo letu, hata hivyo nitalieleza kwa ajili ya wageni. Kila mwezi wa Machi tunaigiza siku ile ambayo Nahodha Mreno, akisafiri kwa bendera ya Hispania, aliingia kwenye visiwa vyetu na mabaharia wake wenye njaa, wazee wetu wakaenda kumlaki, kukawa na kutokuelewana, mashua yake ndogo ikachukuliwa, naye akashuka na watu wenye silaha, akaua, akachoma nyumba, akaondoka, akatuachia jina la Visiwa vya Wezi, na baada yake wakaja wengine na misalaba na bunduki na maradhi, hata watu wetu wakabaki wachache wa kuhesabika. Katika igizo hilo ukoo wetu wa Aguon ndio hujenga kibanda, tumekijenga tangu igizo lianze, na Nahodha hukichoma, na mwaka 1974 waliokuwa wakisimamia igizo walitafuta Nahodha mwenye ndevu za kweli, kwa sababu ndevu za pamba za mwaka uliotangulia zilishika moto zikiwa kidevuni, wakamwona Nisio, basi ikawa ndiyo ajira.

Siku ya Jumapili tarehe 3 Machi 1974 Nisio alishuka kutoka mtumbwini akiwa amevaa koti la mahameli lililoshonwa kwa pazia la kanisa, kofia yenye manyoya ya jogoo, na mabuti yake ya karakana aliyoyapaka rangi ya dhahabu, akainua mwenge, akamwelekezea kidole baba yetu, Tun Silvestre, aliyekuwa akiigiza mkuu wa kijiji, akapaza sauti, "Wezi!" akachoma. Upepo wetu siku zote hutoka mlimani kwenda baharini, na kwa kuujua huo ndiyo maana kibanda hujengwa pale kilipo, lakini siku hiyo, sijui uliudhiwa na nini, ukageuka, ukatoka baharini, ukabeba makuti yanayowaka ukayaweka taratibu juu ya paa la jiko letu la nje, watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya igizo, hadi Tun Silvestre alipoanza kukimbia na kofia yake ya uchifu mkononi akipiga kelele, "Acheni kupiga makofi, wapumbavu, leteni maji!"

Jiko liliungua lote. Nguruwe walitoka salama, jiwe la kusagia mahindi la miguu mitatu, lile lililoletwa zamani na merikebu kutoka Meksiko, lilivunjika mguu mmoja kwa joto, lakini lililoumiza si jiko wala jiwe. Juu ya dari ya jiko kulikuwa na mkeka wa mkadi ambao marehemu mama yetu, Tan Ramona, alikuwa akiusuka kwa ajili ya harusi ya Dada Mena, alifariki mwaka mmoja kabla ya hapo akiwa hajaumaliza, na Dada Mena, aliyefundishwa kusuka na mama huyo huyo, alikuwa ameuweka pale ili aumalizie mwenyewe. Ukawa majivu. Tangu siku hiyo Dada Mena hajashika majani ya mkadi kusuka chochote, na ninyi wanawake wa hapa mnajua alivyokuwa na mkono.

Sasa, kwetu mama akifariki, neno la nyumbani hurithiwa na binti mkubwa, baba awe hai au asiwe hai, na Dada Mena akiwa na miaka ishirini na mbili alisimama mlangoni, masizi usoni, mbele ya kijiji kizima na mbele ya Nahodha aliyeshika kofia yake ya manyoya, akasema, "Huyu hatavuka kizingiti cha mama yangu. Si cha nyumba ya kuishi, si cha nyumba ya kuigiza. Hadi mimi niseme." Tun Silvestre naye, kwa upande wake, akaongeza hukumu mbili, kwamba aliyelichoma jiko atalijenga, na kwamba kila mwaka yeye yeye ndiye atakayekuwa Nahodha, ili kila mwaka akumbuke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alipewa jembe siku ile ile.

Alikuja kila Jumamosi. Alitupilia mbali habari ya nguzo za miti, akaleta mabomba ya chuma kutoka kwenye vyuma chakavu vya bandarini, akayachomelea, akalisuka jiko lile kama anatengeneza meli ya vita, akaliundia jiwe la kusagia mguu wa chuma ambao ungali imara hadi leo, na dada yangu Engracia, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akawa ndiye anayempelekea maji ya kunywa. Mwanzo yalikuwa maji matupu, kisha yakatiwa limau, kisha pembeni ya maji kukawa na wali mwekundu na kuku wa kuchoma, na kazi ambayo ingechukua mwezi mmoja ikachukua mwaka mzima, Tun Silvestre akitoka kila Jumamosi jioni kuitazama na kuuliza, "Kijana, hili ni jiko au ni kanisa kuu?" naye Nisio akijibu kwa heshima zote, "Tun, sitaki liungue tena," na Engracia akitazama kwingine.

Walifunga ndoa takatifu katika kanisa la Mtakatifu Dionisio, siku ya Jumamosi tarehe 7 Juni 1975, Dada Mena ndiye aliyepika, ndiye aliyemvalisha bibi harusi, ndiye aliyecheza kuliko watu wote, na karamu ikafanyika nyumbani kwetu, wageni ndani, bwana harusi jikoni nje. Msifikiri aliketi peke yake. Vijana wote walimfuata, nyama ilikuwa huko, ngoma ikahamia huko, na kufikia jioni ndani walibaki padri na wazee watatu tu, wakilalamika kwamba wamesahauliwa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, ndugu waombolezaji, na anayedhani kulikuwa na chuki hajatuelewa. Dada Mena alimpakulia Nisio kabla ya kumpakulia mtu mwingine yeyote, alimkatia ndevu kila Krismasi akimtukana huku anazikata, akiumwa alimpelekea mchuzi, na yeye Nisio ndiye aliyemrekebishia mabomba, uzio na gari, lakini kizingitini alisimama. Mwaka 1976, tarehe 21 Mei, kimbunga kile kikubwa kilipotupiga, sisi sote tulijifungia ndani ya nyumba, Nisio akabaki jikoni, Dada Mena akafungua dirisha kidogo akamrushia blanketi na kopo la nyama, akapiga kelele dhidi ya upepo, "Ukifa nitakuua!" na saa ile ile bati la nyumba yetu likang'oka likaenda zake baharini, tukatambaa wote kwa magoti, baba akiwa mgongoni kwangu, hadi kwenye jiko la chuma la Nisio, ambalo halikutikisika hata msumari. Tulikaa humo hadi kulipopambazuka, tumebanana, Nisio akimsagia mzee mahindi kwenye lile jiwe, na Dada Mena, nywele zimemtapakaa usoni, akamwambia, "Mimi kuingia kwako si wewe kuingia kwangu, usijisahau." Nisio akajibu, "Karibu, dada." Tulicheka hadi machozi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Asunta, aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 1977, Nicolas, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1980, ambaye yuko jeshini Texas na amefika jana, na Rufina, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1984, pamoja na wajukuu saba. Watoto hao walilelewa nusu kwa baba yao na nusu kwa Dada Mena, walikuwa wakiingia na kutoka mlango ule mara mia kwa siku, na Asunta alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza kwa nini baba haingii, Nisio akamjibu, "Mabuti yangu ni machafu." Akavua mabuti, mtoto akasema sasa ni safi, ingia, akayavaa tena.

Tun Silvestre alifariki tarehe 11 Novemba 1989, na rozari za siku tisa zilisaliwa nyumbani, sebuleni, na Nisio, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, aliongoza nyimbo akiwa nje dirishani, kichwa chake na ndevu zake zikionekana baina ya mapazia kama picha ya mtakatifu, na siku ya mazishi wabebaji walilileta jeneza hadi kizingitini, yeye akalipokea kutoka hapo. Mzee na Nisio walipendana sana. Kila mwaka baada ya igizo, baada ya kuelekezewa kidole na kuitwa mwizi mbele ya watu, Tun Silvestre alimnywesha tuba, tembo la mnazi, na kumuuliza, "Mwizi ni mimi, au ni wewe uliyeniibia binti?" na kila mwaka Nisio alicheka kana kwamba hajawahi kulisikia. Hukumu ile ya pili, ya unahodha, mzee aliifuta kabla hajafa, Nisio akaendelea nayo kwa hiari yake. Hukumu ya Dada Mena haikuwa mikononi mwake kuifuta.

Kuna wanaouliza kwa nini marehemu hakuomba tu. Kwetu sisi kuona haya ni kama nguo, mtu haivui mbele za watu, aliyekosa hangoji kusamehewa kwa kudai, anangoja aitwe, na aliyekosewa naye anangoja aombwe, hivyo wawili hawa walingojeana, mmoja ndani mmoja nje, kwa adabu kubwa kabisa, hadi nywele zikawa nyeupe. Mara nyingi mimi mwenyewe nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Nisirefushe, lakini jambo moja la kijamii sina budi kulisema. Miaka ya karibuni vijana wetu waliosoma, Asunta wa marehemu akiwa mbele yao, waliitisha kikao katika ukumbi wa kanisa wakisema igizo hili ni aibu, tunasherehekeaje mtu aliyetuchoma, na iweje siku hiyo iitwe siku ya kuvumbuliwa, na wazee wengine wakakasirika, kelele zikawa nyingi, hadi Nahodha mwenyewe aliposimama, kofia mkononi. Alisema, "Jina langu lilikuja na merikebu zile. Sala yangu, ndevu zangu, mahindi aliyokuwa akigeuza mama yangu nilipozaliwa, vyote vilikuja nazo, siwezi kujikata vipande nikavirudisha. Lakini mimi ndiye ninayetua pale kila mwaka, naomba mniamini, sijawahi kuvumbua kitu. Kila mwaka nikitua nawakuta mpo." Akakaa. Jina la siku hiyo likabadilishwa, ikawa siku ya urithi wetu, na Asunta alimbusu baba yake mkono mbele ya watu wote.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo yaliyotokana na kisukari mnamo tarehe 18 Novemba 2015, akaanza kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na safari zote hizo za kwenda na kurudi Dada Mena ndiye aliyeendesha gari, wakibishana njia nzima kuhusu mwendo, kuhusu redio, kuhusu nani aliyekuwa mchezaji bora wa besiboli wa kusini mwaka 1971, wakizungumza kila kitu chini ya jua isipokuwa kile kimoja. Aliendelea kuwa Nahodha hadi mwaka jana, akiwa amekalishwa kwenye kiti, mjukuu akimshikia mwenge.

Mwezi wa Januari mwaka huu alipozidiwa, akiwa kitandani, Engracia upande mmoja na Dada Mena upande wa pili, alisema, "Mwaka huu msikichome. Nimechoka kuchoma. Kijengeni, mkiache kisimame." Engracia akamuuliza, "Unataka kuingia ndani yake, Nisio?" Akasema, "Sijaalikwa." Dada Mena akainuka akatoka, akasema anakwenda kuanua nguo kwa sababu mvua inakuja, na hiyo ilikuwa Januari, ndugu zangu, kiangazi kikavu, hakukuwa na wingu hata moja.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, siku ya Jumatano tarehe 27 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini, mke wake na watoto wake wawili wakiwa wamemshika mikono. Katika siku tisa za rozari mjane na wajukuu walikata makuti, wakayasuka, wakakijenga kibanda hiki kwa mikono yao, wakakiwekea mlango mpana kuliko wa miaka yote, mmeuona, hausemi lakini unasema, na jana Engracia alimwendea dada yake akamuomba ruhusa, Dada Mena akajibu, "Tutaona." Hilo ndilo jibu tulilo nalo hadi dakika hii, na leo, Jumamosi tarehe 9 Machi, ndiyo ingekuwa siku ya igizo.

Familia inapenda kuwashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa upole kwa zaidi ya miaka mitatu, na hasa wale waliovumilia mabishano ya besiboli, padri wetu na wanakwaya, jirani zetu wa Humatak walioleta nguruwe, wali, samaki, viti na maturubai, tumeona kila mkono uliotoa, na siku zenu za furaha na za huzuni zitatukuta tayari kurudisha, wafanyakazi wenzake wa karakana waliosafiri toka kaskazini, na waigizaji wote waliowahi kuchomewa nyumba na marehemu, ambao naona mmekuja wengi. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtusamehe.

Kwenye karatasi yangu hapa nimeandika maneno ya kumuaga, kisha tuondoke kwenda makaburini, lakini naomba mnisubiri kidogo, kwa sababu Dada Mena amesimama. Tumpishe. Wazee, mwacheni apite, anafungua ile shuka.

Ni mkeka. Ni mkeka wa mkadi, mpya, majani bado yana harufu, na nakiri mbele yenu kwamba sikujua, wala mjane hakujua, naona anavyolia. Ameutandika ndani, ameunyoosha pembe zote nne, ametoka amesimama kizingitini kama alivyosimama mwaka ule, na kwa kuwa wa nyuma hamsikii nitarudia alichosema. Amesema, "Miaka yote hii nilikuwa nangoja aombe, mkaidi huyu. Haya, mwingizeni." Na kwenu wabebaji amesema, "Viatu nje."

Vueni viatu, jamani. Niliwaambia sitalia.

Karibu ndani, shemeji. Pumzika, Nahodha, umefika kwa watu, pumzika kwa amani.